Rangi iliyofifia machoni pa chura: miaka 150 ya ugunduzi uliofunikwa na hadithi ya muuaji

Novemba 2026 inatimia miaka 150 tangu Chuo cha Sayansi cha Berlin kipokee taarifa fupi kutoka Roma. Aliyeiandika alikuwa Mjerumani wa miaka 27, Franz Boll, profesa katika chuo kikuu cha mji huo. Habari yenyewe ilikuwa ya aina ambayo msomaji mwenye haraka angeiruka. Ukimfungia chura gizani, kisha ukalitoa jicho lake na kulipasua upesi, utando ulio nyuma ya jicho, yaani retina, unauona mwekundu. Uache kidogo mwangani na wekundu ule unafifia, unageuka manjano, halafu unapotea kabisa. Chura aliyeshinda juani retina yake imepauka tangu mwanzo. Mrudishe gizani akiwa hai, na baada ya muda wekundu unarudi.

Boll hakuwa wa kwanza kuuona. Mwaka 1851 Heinrich Müller aliutaja wekundu huo katika seli za jicho la chura, akadhani ni damu. Waliomfuata waliugusia kwa sentensi moja na kuendelea na mambo yao. Boll ndiye aliyeuliza kwa nini rangi inapotea, na jibu lake ndilo lililofungua mlango: kuna kitu ndani ya jicho kinachoharibiwa na mwanga, na jicho lililo hai linakitengeneza upya. Hadi wakati huo wataalamu walikuwa wanaijua vizuri lenzi, mboni na namna picha inavyotua nyuma ya jicho kichwa chini miguu juu. Mwanga wenyewe unageukaje kuwa kuona, hapo kila mtu alikuwa anapapasa.

Boll alifariki Roma kwa kifua kikuu Desemba 1879, akiwa na miaka 30. Nje ya vitabu vya wataalamu jina lake halitajwi. Kinachotajwa, na kinachorudiwa kila miaka michache magazetini na kwenye filamu za upelelezi, ni kile kisa cha kwamba jicho la marehemu hubaki na picha ya kitu cha mwisho alichokiona, na kwamba polisi mjanja anaweza kumsoma muuaji humo. Kisa hicho kina mwanzo wake, na mwanzo huo si uongo mtupu.

Mengi katika simulizi hii nayapata kwa George Wald, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa kazi yake juu ya rangi hiyohiyo, na ambaye katika maandishi yake alikuwa msimulizi hodari kuliko wanasayansi wengi. Wald alimpenda sana mtu wa pili katika kisa hiki: Wilhelm Kühne.

Kühne alikuwa profesa wa fiziolojia Heidelberg, mrithi wa kiti cha Hermann von Helmholtz tangu mwaka 1871, na ndiye aliyebuni jina la enzimu linalotumika mpaka leo. Taarifa ya Boll ilipotoka, Kühne aliacha mengine yote. Mwanzoni mwa Januari 1877, wiki chache tu baadaye, alikuwa tayari na matokeo yake mwenyewe, na mwaka ule makala zake zilifuatana moja baada ya nyingine.

Ugomvi ulizuka juu ya kifo. Boll alikuwa ameandika kwamba wekundu ni wa jicho lililo hai, na kwamba mnyama akishakufa rangi hutoweka ndani ya muda mfupi sana. Kühne alifanya jaribio rahisi. Aliwapasua vyura kwenye chumba cha giza chenye taa ya sodiamu tu, ile inayotoa mwanga wa manjano, kwa kuwa mwanga huo hauidhuru sana rangi ya retina. Wekundu haukutoweka. Ulikuwepo siku hiyo na ulikuwepo kesho yake, kwenye macho ya vyura waliokwisha kufa zamani. Akaleta mwanga wa mchana, ukafifia. Kwa hiyo kifo hakikuwa na kesi ya kujibu. Kilichoila rangi ni mwanga peke yake.

Kisayansi Kühne alikuwa sahihi, na Boll alikosea katika hilo. Kühne pia hakukana kwamba mwenzake ndiye aliyetangulia. Hata hivyo, ukizisoma tarehe kwa mfululizo unabaki na ukakasi. Huku kuna kijana aliye mbali na kwao, mwenye miaka mitatu tu iliyobaki ya kuishi. Kule kuna mkubwa wa taaluma mwenye maabara yake, aliyelichukua jambo lile na kulimaliza kabla mwenye nalo hajapumua. Jina la rodopsini, ambalo ndilo tunalolitumia, ni la Kühne. Njia ya kuitoa rangi kwenye seli kwa kutumia chumvi za nyongo ni ya Kühne. Hata ugunduzi kwamba retina iliyobanduliwa haiwezi kurudisha wekundu wake, lakini ukiilaza tena juu ya tabaka jeusi lililo nyuma yake inarudisha, ni wake pia. Kwa kazi hiyo tu angestahili heshima.

Lakini Kühne akaenda mbali zaidi. Ikiwa mwanga unafifisha rangi pale tu unapoangukia, aliwaza, basi retina ni bamba la kupigia picha, na picha yaweza kusafishwa na kutunzwa.

Akamchukua sungura, akamfunga kichwa kikiwa kimeelekea dirisha lenye nondo, na nje ya dirisha hapakuwa na kitu ila anga la mawingu. Kwanza alimfunika kichwa kwa kitambaa kwa dakika kadhaa ili rangi ijazane machoni. Kisha akamfunua kwa dakika tatu alitazame dirisha. Papo hapo akamkata kichwa, akalitoa jicho, akalipasua katikati na kuiweka nusu ya nyuma ndani ya maji ya shabu ili rangi isiendelee kubadilika. Kesho yake alipoitazama retina aliliona dirisha, na nondo zake zinahesabika: pale mwanga wa anga ulipoangukia pamepauka, pale kivuli cha nondo kilipopita pamebaki pekundu. Picha hizo akaziita optogramu.

Kutoka kwa sungura kwenda kwa binadamu kulikuwa kunangojea fursa, na fursa ilikuja kwa gilotini. Katika mji wa Bruchsal, karibu na Heidelberg, mtu mmoja aitwaye Erhard Gustav Reif alihukumiwa kifo kwa kuwazamisha wanawe wawili katika mto Rhine. Alikatwa kichwa tarehe 16 Novemba 1880. Kühne alikuwa ameandaa chumba karibu na hapo, madirisha yamezibwa kwa vioo vyekundu na vya manjano. Kichwa kililetwa, na ndani ya dakika kumi jicho la kushoto lilikuwa limeshafunguliwa.

Ilikuwepo picha. Kühne aliwaonyesha wenzake waliokuwa naye, kisha akaichora: umbo dogo lenye kingo zilizokatika wazi, upande mmoja una vidato kama vya ngazi. Retina yenyewe haikudumu, na mchoro huo ndio uliobaki. Ni picha ya nini? Wapo waliosema ni makali ya gilotini, wengine wakasema ni ngazi alizozipanda marehemu kwenda kufa. Kühne alikitafuta pale kitu chochote chenye umbo lile ambacho marehemu angeweza kukitazama, hakukipata, na alikuwa mwaminifu kiasi cha kuliacha jambo hapo.

Magazeti hayakuliacha. Uvumi wa jicho la maiti ulikuwepo hata kabla ya Boll, tangu kamera ilipoanza kuenea, ila sasa ulikuwa umepata profesa wa Heidelberg wa kuushikilia. Mwaka 1888, Jack the Ripper alipokuwa anawaua wanawake London, kulikuwa na watu waliotaka macho ya waliouawa yapigwe picha. Mwaka 1902 mwandishi Jules Verne alikifanya kisa hicho kuwa ufunguo wa riwaya yake, Les Frères Kip. Kisha Septemba 1927, kando ya barabara huko Essex, Uingereza, konstebo George Gutteridge alikutwa ameuawa kwa risasi, na mbili zilipigwa machoni, moja kila jicho. Watu wawili walinyongwa kwa kosa hilo mwaka uliofuata. Raia wengi wa Uingereza hawakuhitaji kuelezwa kwa nini macho: waliamini muuaji aliogopa sura yake isibaki humo. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi uzushi huo ulikuwa umeshaingia vichwani mwa wahalifu wenyewe.

Karibu miaka mia moja baada ya Bruchsal, mwaka 1975, polisi wa Heidelberg walimwomba Evangelos Alexandridis wa chuo kikuu cha hapo kulipima upya suala hili kwa vifaa vya kisasa. Alizipata optogramu za sungura, nzuri kuliko za Kühne. Pia alipata jibu la polisi: haiwezekani. Jicho lazima litulie bila kutikisika mbele ya kitu chenye mwanga mkali na kivuli kikali, na retina itolewe na kutiwa dawa mara moja. Marehemu aliyekutwa asubuhi kwenye shamba la mahindi hatimizi hata sharti moja. Nashangaa kwamba hadi leo bado wapo wanaouliza.

Nimekaa sana na Kühne kwa sababu kisa chake ni kitamu, na hilo ndilo lalamiko langu. Utamu wa dirisha la sungura umewafanya watu wasiulize swali ambalo jaribio lake lingine, lile la tabaka jeusi, lilikuwa linaliuliza kwa sauti kubwa: rangi inatengenezwa upya kwa kutumia nini?

Jibu lilikuwa kwenye sahani ya chakula. Kwamba asiyeona usiku hupona kwa kula maini ni maarifa ya kale, ya Misri na ya Wagiriki. Mwaka 1925 Fridericia na Holm, huko Denmark, walionyesha kwamba panya walionyimwa vitamini A hawatengenezi rodopsini vizuri. Kiungo kilichokosekana alikileta Wald mwenyewe.

Alikuwa kijana wa Kiyahudi kutoka New York, mtoto wa wahamiaji, aliyekwenda Ujerumani mwaka 1932 kwa ufadhili wa masomo. Katika maabara ya Otto Warburg, Berlin, aliikuta vitamini A ndani ya retina. Akaenda Zürich kwa Paul Karrer, aliyekuwa ndio kwanza ametambua muundo wa vitamini hiyo, na humo wakathibitisha kwa macho ya ng'ombe. Kituo cha tatu kilikuwa Heidelberg, mji uleule wa Kühne, kwa Otto Meyerhof. Ni mwaka 1933, na Hitler ameshashika madaraka. Wafadhili wake wakamtaka arudi nyumbani. Wakati huo wenzake walikuwa wamekwenda likizo ya kiangazi, na maabara ikapokea shehena ya vyura 300 kutoka Hungaria ambao hakuna mtu wa kuwashughulikia. Wald aliwachukua. Kwa vyura hao alikipata kitu cha katikati, kilichotokea rangi inapofifia kabla haijawa vitamini A tena. Ndicho kinachoitwa leo retinali. Mzunguko ukakamilika: vitamini A inakuwa retinali, retinali inashikana na protini iitwayo opsini, zote mbili zinakuwa rodopsini, mwanga unazitenganisha, na kazi inaanza upya.

Mwanga unafanya nini hasa? Hapo panahitajika jina lingine, na hapa Wald mwenyewe alikuwa akilitaja ingawa halikuwamo kwenye Tuzo ya Nobel: Ruth Hubbard. Alizaliwa Vienna mwaka 1924, familia yake ikawakimbia Wanazi kuhamia Marekani, akaingia maabara ya Wald huko Harvard, na baadaye, mwaka 1958, akawa mkewe. Ni Hubbard aliyefuatilia kwa subira maumbo mbalimbali ya retinali hadi ikajulikana kwamba ni umbo moja tu lililopinda linaloweza kukaa ndani ya opsini. Mwaka 1958 yeye na Allen Kropf walionyesha kwamba mwanga una kazi moja tu katika kuona: kuinyoosha retinali iliyopinda. Ni kama mtu aliyelala amejikunja kwenye kochi fupi akanyoosha miguu ghafla. Kila kilichobanwa karibu naye kitasukumwa. Opsini ikisukumwa inabadilika umbo, inaamsha protini nyingine ndani ya seli kwa mamia, na ishara inaanza safari ya kwenda kwenye ubongo. Yanayofuata, pamoja na kupauka kule alikokuona Boll, hayahitaji mwanga tena.

Kunyooka huko kunachukua muda mfupi usiofikirika, chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Na kifaa chenyewe ni kikali: mwaka 1942 Selig Hecht, aliyekuwa mwalimu wa Wald, na wenzake wawili walihesabu kwamba seli moja ya jicho la binadamu inaitika kwa chembe moja tu ya mwanga. Kila jicho letu lina seli za aina hiyo, zile ndefu kama vijiti zinazotuonyesha usiku, zipatazo milioni 120. Za rangi na za mchana ni kama milioni 6 tu, nazo zinatumia opsini za ukoo huohuo.

Nobel ya mwaka 1967 ilikwenda kwa Wald, Ragnar Granit na Haldan Keffer Hartline. Hubbard alingoja hadi mwaka 1974 kupewa uprofesa wa kudumu Harvard, mwanamke wa kwanza kuupata katika biolojia ya chuo hicho. Kufikia hapo alikuwa ameshaanza kuachana na macho ya vyura, akageukia kuandika juu ya namna sayansi inavyowatendea wanawake. Alikuwa na ushahidi wa kutosha.

Ya karibuni yanajulikana zaidi. Mwaka 2000 Krzysztof Palczewski na wenzake walichapisha picha ya rodopsini ya ng'ombe ikiwa fuwele, umbo lake lote likaonekana kwa mara ya kwanza. Mwaka 2021 madaktari waliripoti kwamba mtu aliyekuwa kipofu kwa miaka mingi ameweza, kwa msaada wa miwani maalumu, kuona na kugusa vitu mezani baada ya kuwekewa machoni jeni ya protini ya mwani inayohisi mwanga, binamu wa mbali wa rodopsini. Ni mtu mmoja, na kuona kwake si kamili.

Kuna kituo kingine katika historia hii ambacho makala za Ulaya hukiruka, nasi tumekiruka pamoja nazo. Miaka ya 1980 daktari wa macho Alfred Sommer alikuwa ameona Indonesia kwamba watoto wenye upungufu wa vitamini A, hata walioanza tu kushindwa kuona usiku, walikuwa wanakufa zaidi ya wenzao. Jicho lilikuwa linatoa taarifa ya mwili mzima. Hapa kwetu, katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, madaktari Barclay na Foster, wakishirikiana na Sommer, walichukua watoto 180 waliolazwa kwa surua. Watoto 88 walipata matibabu ya kawaida. 92 walipata matibabu hayohayo pamoja na dozi kubwa mbili za vitamini A, moja siku ya kwanza na nyingine kesho yake. Katika kundi la kwanza walikufa 12. Katika la pili walikufa 6. Walio wengi kati ya watoto wote walikuwa na vitamini A kidogo mno katika damu, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa walio chini ya miaka miwili: saba kwa mmoja.

Matokeo yalichapishwa Uingereza mwaka 1987. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakahimiza watoto wenye surua wapewe vitamini A katika nchi zenye upungufu huo. Kwa maoni yangu, dirisha la sungura wa Heidelberg halistahili kuwa maarufu kuliko wodi ile ya Mvumi. Kama tunafundisha watoto wetu kuhusu jicho, na tunafundisha, basi hesabu ya 12 na 6 iingie kwenye somo hilo, ijulikane kwamba sehemu ya maarifa haya ilipatikana Dodoma na kwamba watoto wa Ugogo ndio walioilipia.

Kilichobaki cha Boll, Kühne, Wald na Hubbard kwa mzazi wa leo ni kidonge laini chenye mafuta ndani. Cha bluu ni cha mtoto wa miezi 6 hadi 11, chekundu ni cha mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano. Muuguzi anakikata ncha kwa mkasi na kumkamulia mtoto mdomoni, kila baada ya miezi sita, na katika vituo vya umma hulipi kitu. Mwenye mtoto wa umri huo aitazame kadi yake ya kliniki leo; kama dozi ya mwisho imepita miezi sita, ampeleke. Na mtoto anayejikwaa kila jioni huku wenzake wanacheza asiambiwe ni mzembe. Apelekwe akapimwe.